Sitara ni ya aliyevuliwa

Daftari lile ningali nalo. Lina jalada jeusi na mgongo mwekundu, na kurasa zake zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mwaka 1998 nilikuwa karani wa duka la vinyago hapa mtaa wa Ndia Kuu, Mombasa, na tajiri alipofunga duka miaka michache baadaye aliniambia nichukue makaratasi niyatakayo, yaliyobaki yachomwe. Nikachukua daftari hili moja. Katika ukurasa wa mwezi wa Septemba mna mstari huu, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Tembo 1, jiwe la Kisii, kavunjika. Sh450. Akatwe."

Wa kukatwa alikuwa binti wa miaka 19 aliyekuwa akifunga bidhaa za wageni kwa magazeti ya zamani. Mshahara wake ulikuwa shilingi 3,000 kwa mwezi. Tembo alimponyoka kwa sababu mwenzake wa kazi, mtu mzima wa kumzaa, alimjia kwa nyuma katika ujia mwembamba wa kwendea stoo akamshika pasiposhikwa. Mimi nilikuwa mezani, hatua nne kutoka pale. Niliuona mkono. Nikasikia tembo akipasuka sakafuni. Kisha nikachukua kalamu nikaandika kilichovunjika.

Kazi yangu ni hesabu, na mtu wa hesabu hufunzwa kwamba kisichoandikwa hakikutokea. Kwa kanuni hiyo, siku ile katika duka letu alivunjika tembo, basi.

Nayasema haya leo kwa sababu mwaka jana swali la siku ile lilinirudia, katika mtaa ule ule, kwa kinywa cha binti mwingine ambaye yule wa kwanza angeweza kumzaa. "Anti," aliniuliza, "niseme au ninyamaze?"

Anayetaka kunihukumu kwa lile la 1998 ana haki, lakini akumbuke mji ulivyokuwa. Agosti 1997 machafuko ya Likoni yaliwakimbiza watalii. Agosti ya mwaka uliofuata ubalozi wa Marekani jijini Nairobi ukalipuliwa kwa bomu, na wageni wachache waliokuwa wameanza kurudi wakaghairi safari. Ndia Kuu ilinyamaza hata ukasikia paka akipita juu ya mabati. Tulikuwa wafanyakazi saba, na tajiri alikuwa ameshapunguza wawili. Yule bwana aliyemshika binti ndiye aliyekuwa nguzo ya duka. Alikuwa na Kijerumani na Kiitaliano cha kuuzia; mgeni aliyeingia kuuliza njia ya Fort Jesus alitoka na kinyago cha shilingi elfu kumi kwapani. Ijumaa alitununulia biriani sote. Alikuwa mcheshi, watu wakimpenda, nami nikimpenda. Ndiyo maana neno la kwanza lililonijia kichwani nilipouona mkono wake halikuwa "dhuluma." Lilikuwa "mzaha."

Neno hilo ndilo kufuli ya kwanza. Mkono ukishaitwa mzaha, mwenye kosa si aliyeunyosha tena, ni aliyekataa kucheka. Jioni ile, tukifunga milango, binti aliniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, nimwambie tajiri?" Nikamjibu: "Subiri kidogo. Wewe bado mgeni hapa." Akasubiri miezi miwili. Kisha asubuhi moja hakuja, na hakuna aliyemuulizia. Tajiri akasema wasichana wa siku hizi hawana subira. Nami nikakata jina lake katika orodha ya mishahara, nikaandika la mwingine.

Wageni huja Ndia Kuu kupiga picha milango na roshani, na wana sababu. Mtaa huu ni mkongwe; hata Wareno walipokuwa Ngomeni waliupita na kuupa jina lao. Leo ukitaka kung'oa mlango wa nakshi au kubomoa roshani, ni lazima uombe kwanza idhini ya ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale, na mimi naiunga mkono sheria hiyo. Lakini wazee walituachia neno: nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani utakuta stoo zisizo na dirisha, ngazi za giza ambazo watu wawili hawapishani bila kugusana, na wasichana wawili watatu walioingia saa mbili asubuhi watakaotoka saa kumi na mbili. Mbao ya mlango ina ofisi ya kuilinda. Aliye nyuma ya mlango ana nini?

Ana sheria, tena si moja. Kasoro ni kwamba ni nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mwili mwingine.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 6, haikumtaja mwajiri peke yake. Imemtaja na mfanyakazi mwenza. Inahesabu kuwa ni unyanyasaji maneno ya kingono, ya kuandikwa au ya kutamkwa, picha za namna hiyo, na mwenendo wa mwili usiotakiwa unaomdhuru mtu katika kazi yake. Kumbe hata ule "mzaha" una kifungu chake. Kifungu cha 46 cha sheria hiyo hiyo kinasema kwamba kumshtaki mwajiri si sababu halali ya kufutwa kazi, ila ikithibitika kwamba malalamiko yenyewe hayana msingi.

Kabla yake kulikuwa na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa na leo jaji wa Mahakama ya Juu. Kifungu chake cha 23 kina meno: kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Lakini kinamlenga mwenye mamlaka au mwenye ofisi ya umma, tena anayeng'ang'ania na kurudia. Muuzaji mwenzako wa dukani hana mamlaka yoyote juu yako katika karatasi, hivyo kifungu hicho humpita. Yeye anangojewa na kifungu cha 11A, kinachomwadhibu anayemshika mtu mzima matiti, makalio au sehemu za siri bila haki: kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini isiyozidi shilingi 50,000, au vyote viwili. Serikali ilipopandisha mishahara ya chini Novemba 2024, kibarua wa mjini aliwekewa shilingi 16,000 na ushei. Faini ya juu kabisa, basi, ni kama mishahara mitatu ya kibarua. Si adhabu kubwa, lakini ni zaidi ya biriani ya Ijumaa.

Sasa angalia pindo la nguo hiyo linapoishia. Kifungu cha 6 kinamtaka mwajiri aandike sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono: aeleze unyanyasaji ni nini, malalamiko yapelekwe kwa nani, na aahidi kwamba jina la mlalamikaji halitatangazwa ila pale uchunguzi au adhabu inapolazimu. Maneno mazuri. Lakini amri hiyo ni ya mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi. Mimi leo nafanya hesabu za maduka manne, matatu ya Ndia Kuu na moja la Biashara Street. Kubwa lao lina watu tisa. Dogo lina watatu, na mmoja ni mama wa mwenye duka. Nenda mlango kwa mlango kutoka Fort Jesus mpaka uwanja wa Government Square, uniambie ni wangapi wenye watu 20. Binti wa mtaa huu hana ofisi ya wafanyakazi ya kupanda ngazi na kulalamika. Ana tajiri, na tajiri ni mjomba wa fulani, shemeji wa fulani, jirani wa fulani.

Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva Juni 2019, haukuweka hesabu ya vichwa. Unahusu kila pahali pa kazi, rasmi na pasipo rasmi, na hata njia ya kwenda na kurudi kazini. Wabunge wetu wakitaka kazi ya maana, waifute hiyo ishirini.

Lakini nisijidanganye kwamba shida yote ni udogo wa duka. Februari 2023 BBC ilirusha filamu juu ya mashamba makubwa ya chai ya Kericho. Zaidi ya wanawake 70 walieleza jinsi wasimamizi walivyowadai ngono ili wapate au wasipoteze kazi, jambo ambalo majirani zetu wa Tanzania wanaliita waziwazi rushwa ya ngono, na limo katika sheria yao ya kupambana na rushwa tangu 2007. Kampuni zile hazikukosa sera wala ofisi za wafanyakazi. Kericho kulikuwa na karatasi, Ndia Kuu hakuna, na wanawake wa pande zote mbili walinyamaza. Basi kuna kitu kinachopungua zaidi ya karatasi. Mimi nakijua, kwa sababu nilikuwa nacho mkononi nikakificha. Ni mtu wa pili wa kusema: niliona.

Hapa kwetu mtu huyo hufungwa mdomo kwa neno zuri sana: sitara. Nimelisikia maisha yangu yote. Msitiri mwenzio, nawe utasitiriwa. Ni mafunzo ya dini na ni adabu ya mji, na sitamruhusu mtu anifanye nilidharau. Lakini tuulizane kwa Kiswahili cha kawaida: sitara ni nini? Ni kumfunika aliye uchi. Yule binti wa 1998 ndiye aliyevuliwa heshima yake ujiani, mbele ya macho yangu. Nikachukua nguo nikamfunika aliyemvua. Nikaiita hiyo sitara, na nikalala usingizi.

Nilimpelekea swali hili bibi mmoja wa Kibokoni aliyesomesha watoto Kurani kwa zaidi ya miaka arubaini. Hakuniandalia hotuba. Aliniambia nikasome An-Nisaa aya ya 148, ambapo katazo la kutangaza ubaya linamtoa aliyedhulumiwa, kisha Al-Baqara aya ya 283, ambapo kuuficha ushahidi kunahesabiwa kuwa ni dhambi ya moyo. "Ya kwanza ni yake," akasema, akimkusudia binti. "Ya pili ni yako wewe."

Mama zetu nao hawakuwa mabubu. Walishtaki kwa leso. Mwanamke aliyekerwa alikwenda Biashara Street akachagua leso yenye jina la kufaa, akajifunga, akapita polepole mbele ya baraza ya aliyemkera, na mtaa mzima ukajua. Naiheshimu akili ile. Lakini leso haina tarehe. Humsema kila mtu na humsema hakuna mtu, na mwenye hatia ana ruhusa ya kuuliza, "Kwani nimetajwa mimi?" Leso iliwafaa wanawake waliokuwa sawa kwa sawa, walioishi mtaa mmoja na kukutana harusini. Haimfai msichana wa Kisauni anayepanda matatu kuvuka daraja la Nyali kila asubuhi, asiye na baraza wala ukoo Mji wa Kale.

Huyo wa Kisauni ndiye wa mwaka jana. Ana miaka 21, anakaa kwenye keshi katika lile duka la watu tisa. Mimi huenda pale mara mbili kwa wiki kulinganisha risiti, maana siku hizi mamlaka ya ushuru yataka kila shilingi ipite kwenye mfumo wa eTIMS. Anayemsumbua ni muuzaji mwenzake, shemeji wa tajiri, ndugu wa mkewe. Ilianza kwa jumbe za WhatsApp saa tano za usiku. Ikaja mikono. Siku moja nilikuwa nimeinamia mafaili, nikainua macho, nikauona mkono ule ule wa 1998 katika mwili mwingine. Safari hii hakuna kilichovunjika.

Aliponiuliza aseme au anyamaze, nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimelisubiri kwa miaka mingi. Nilitaka kumwambia: sema, nenda kituo cha polisi cha Sentro ukaandikishe OB, nenda ofisi ya leba, nenda kwa mawakili wa FIDA, piga simu ya msaada 1195 ambayo haina malipo. Yote hayo yapo na yote nimemtajia. Lakini nilijizuia kumwamrisha. Kumtoa mtu katika kimya kwa nguvu nako ni kumshika bila idhini. Nikamuuliza: "Wewe wataka nini?" Akafikiri. "Nataka kufanya kazi yangu, Anti. Sitaki polisi. Mamangu akisikia polisi atanitoa kazini mwenyewe."

Nikatoa daftari jipya mkobani nikafungua ukurasa wa kwanza. Nilimwambia: tarehe, saa, pahali, maneno yenyewe aliyoyasema bila kuyatia chumvi wala kuyapunguza, na nani alikuwa karibu. Jumbe usizifute, hata zikikutia kinyaa. Zipige picha uziweke kwa mtu unayemwamini. Nikashika kalamu nimwandikie. Akanyosha mkono akaichukua. "Nitaandika mwenyewe," akasema. Aliandika mambo matano. Chini ya la tatu nikaandika mimi: "Nilikuwepo. Niliona." Nikatia sahihi. Ni maneno mawili. Yalinichosha kuliko hesabu za mwaka mzima.

Tulimwendea tajiri Jumanne baada ya alasiri. Alisoma ukurasa ule mara mbili. Kisha akasema kile ambacho matajiri wote husema: "Hamngeweza kuniambia faragha?" Nikamjibu kwamba hii ndiyo faragha. Akasema, "Mtanivunjia nyumba." Sikumlaumu kwa kuogopa, maana mwenye kumfukuza shemeji hutafuta pa kulala. Akamwita. Yule bwana akacheka akasema ulikuwa mzaha, kisha akasema haukutokea, kisha akasema msichana amefunzwa. Hizo ni hesabu tatu zisizolingana, na tajiri ni mfanyabiashara. Aliliona hilo kabla yangu. Hapo ndipo kijana wa kubeba mizigo, ambaye hakuna aliyemuuliza, alipotia neno kutoka mlangoni: "Hata mimi nimeona, bwana. Mara mbili."

Kijana huyo ana mwaka wa pili pale. Mara zote mbili alikuwa amenyamaza kwa sababu alidhani yuko peke yake. Nami nilikuwa nimekaa nikidhani niko peke yangu. Hivyo ndivyo duka zima linavyoweza kujua jambo na kila mtu akalificha kama siri yake binafsi.

Sitaki kukusimulia kwamba mambo yaliisha vizuri. Yule bwana hakufutwa. Amehamishiwa biashara nyingine ya tajiri, ng'ambo ya pili, na sijui ni binti wa nani anayekaa naye huko. Nilimwambia tajiri hivyo, akaniangalia kwa muda mrefu, akasema atalifikiri. Mimi nimepoteza duka moja, la binamu wa mke wake. Lilikuwa likinilipa shilingi 8,000 kwa mwezi. Barazani wamenipa jina, Bi Ushahidi, na wananiita hivyo nipitapo na mkoba wangu. Binti angali kwenye keshi. Anasema siku hizi analala usingizi. Jumbe zake amezihifadhi, na anajua kwamba kwa madai ya kazi sheria humpa mtu miaka mitatu, isizidi. Akitaka kwenda mbele, ukurasa uko, na sahihi yangu iko.

Nimeulizwa na watu ninaowaheshimu: je, ikiwa msichana anasingizia? Mwanamume naye ana mke na watoto na jina. Ni swali la haki. Jibu langu ni la kikarani. Uvumi ndio unaomuua mwanamume asiye na kosa, kwa sababu uvumi hauna tarehe, haupingiki. Kilichoandikwa chaweza kupingwa. Ukisema Jumatano ya tarehe fulani, saa tisa, stoo, mtu aliyekuwa Nairobi siku hiyo atatoa tiketi ya treni na mambo yameisha. Mwenye kuogopa kusingiziwa angekuwa wa kwanza kuomba daftari. Sijaona bado mwanamume aliyeliomba.

Wengine huniambia: mambo haya hayafiki popote, mahakamani mwanamke huvuliwa mara ya pili. Mara nyingi ni kweli. Lakini si kila mara. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilimpa fidia mwanamke mmoja katika hukumu ya mwaka 2014, na humo anajulikana kwa herufi mbili tu, P.O. Wale wasiojua maana ya sitara waende wakaisome. Mwanamke alisema yote aliyotendewa, mahakama ikayapima yote, na jina lake likabaki kwake. Kumbe kusema na kusitiriwa vyaweza kukaa katika ukurasa mmoja.

Sasa nawaelekea wenzangu wa Ndia Kuu, wenye maduka na wenye kuajiriwa. Hatuhitaji kumngojea mbunge. Sheria haikulazimishi uandike sera ukiwa na watu sita, lakini haikukatazi. Nusu ukurasa yatosha, ubandikwe ndani, pale pale penye kalenda na leseni ya kaunti: hapa hatushikani, hatutumiani machafu, na aliyeguswa amwendee fulani. Huyo fulani asiwe wa duka lile wala wa ukoo ule. Mtaa wetu una mabibi waliostaafu ualimu, una wauguzi wa zamani, una watu ambao neno lao hulikanyagi. Wachaguliwe wawili, mwanamke na mwanamume, wayasikilize maduka yote kutoka Ngomeni mpaka Bandari ya Kale. Tunachanga kwa maulidi, tunachanga kwa mazishi, tunachanga taa za mtaa zikizimika. Hili halina hata mchango.

Na kwa yule anayejiuliza usiku huu aseme au anyamaze, sina amri ya kukupa. Uamuzi ni wako, na ukiamua kungoja hujawa mwoga. Wewe ndiwe uijuaye kodi yako na mama yako. Andika tu, hata kama hutamwonyesha mtu. Neno langu kali si kwako, ni kwa aliyekaa hatua nne kutoka kwako akiinamia daftari. Wewe umeulizwa swali pia, na hukuulizwa kwa maneno. Mficha uchi hazai, walisema wazee, wakimkusudia mwenye uchi. Hawakutuambia ni nini kinamfika anayeuona uchi wa mwenzake ukianikwa na kugeukia ukutani. Nawaambia mimi: huzeeka na daftari.

Yule wa 1998 nimemtafuta. Niliambiwa aliolewa Malindi, kisha nikaambiwa yuko Muscat kwa kazi za nyumbani, kisha sikuambiwa kitu tena. Sina anwani ya kumpelekea shilingi 450 zake.

Katika kazi yetu kosa halifutwi. Ukikwangua wino, mkaguzi atakushuku wizi. Mstari wa zamani unaachwa kama ulivyo, na unaandika mwingine wa kuusahihisha, kwa tarehe ya leo na sahihi yako. Jana usiku nililifungua lile daftari jeusi, nikatafuta nafasi chini ya ukurasa wa Septemba, nikaandika:

"Tembo 1, jiwe la Kisii. Aliyevunja si yeye. Nilikuwepo. Asikatwe."